Ukitaka Kumjua Lee Van Cleef, Anzia Katikati

Mimi ni kinyozi. Mwaka wa thelathini na mbili huu nanyoa watu Ngamiani, Tanga, na kazi hii imenifundisha kusoma sura kabla mwenye sura hajafungua mdomo. Mtu anakaa kitini, namfunga kitambaa shingoni, namtazama kwenye kioo, najua: huyu kagombana na mkewe, huyu kesho ana usaili, huyu leo atanikopa. Kwa hiyo nikisema kwamba katika sura zote nilizoziona kwenye picha za sinema hakuna iliyonishika kama ya Lee Van Cleef, mwigizaji Mmarekani wa picha za kikauboi, usidhani ni ushabiki. Nasema kama fundi.

Vijana wanaokuja saluni hawalijui jina lake. Wanamwita "yule mzee wa macho" au "yule adui wa picha ya makaburini". Akiwaingia, wananiuliza waanzie wapi, maana jamaa kacheza picha kwa karibu miaka arobaini na nyingine hazifai hata kuwekea flashi. Nimechoka kueleza huku nimeshika wembe. Naandika mara moja, kila anayeuliza nimpe asome.

Usianze mwanzoni

Wengi wanakosea hapo. Mtu anatafuta orodha, anaona picha ya kwanza ni ya 1952, anaitafuta, anakaa, kisha anakuja kunilalamikia kuwa mtu mwenyewe hakusema hata neno moja. Ni kweli hakusema. Huko tutarudi. Wewe kwanza tafuta *For a Few Dollars More* ya mwongozaji Mwitalia Sergio Leone, ya mwaka 1965. Zima simu.

Unaona treni. Ndani yake kuna mtu amevaa nguo nyeusi, anasoma Biblia. Abiria wa mbele yake anamwambia treni hii haisimami Tucumcari. Anamjibu kwa upole kwamba itasimama, na kweli anavuta breki ya dharura, inasimama. Anashuka na farasi wake kama mtu aliyefika kwao. Huyo ndiye Kanali Mortimer, mwinda vichwa, yaani anayesaka wahalifu kwa zawadi ya fedha, na hapo hujamwona bado. Ngoja afike mjini, mtu anayemtafuta aruke dirishani akimbilie farasi.

Hapo sasa uwe macho. Mortimer anafungua mfuko wa ngozi ulioviringishwa ubavuni mwa farasi wake, na ndani zimepangwa bunduki kama ninavyopanga mimi mikasi asubuhi. Anachagua moja, anamwangusha farasi wa yule anayekimbia. Jamaa anainuka, anamjia akifyatua risasi, na vumbi linaruka kila mara karibu zaidi na miguu ya Mortimer. Yeye? Anachagua bastola yenye mtutu mrefu, anaifunga kitako cha mbao, anaitazama. Hainamishi hata kichwa. Keshapima umbali, anajua bastola ya mwenzake haimfikii. Risasi moja tu, kwenye paji la uso.

Kijana wangu wa saluni alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Mzee, mbona huyu haogopi?"

Nikamwambia, "Rudisha, mwanangu. Tazama mikono, achana na uso."

Nakuomba na wewe ufanye hivyo. Rudia sehemu hiyo mara mbili, ya pili ukitazama mikono tu. Kinyozi mwenye pupa anamkata mtu, na huyu bwana hana pupa kabisa. Ukishaliona hilo umeshika mwiko, kwa sababu kazi yake yote imejengwa juu ya kungoja. Waigizaji wengine wa bunduki utawakumbuka kwa namna walivyofyatua. Huyu unamkumbuka kwa zile sekunde za kabla.

Mimi nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na moja. Mjomba alinipeleka Majestic hapahapa Tanga, Jumapili alasiri. Steringi ni Clint Eastwood, hilo ukumbi mzima tulikubaliana, na kuna mahali Eastwood anaichezea kofia ya kanali kwa risasi barabarani, kila akitaka kuiokota inaruka mbele, watu wakapiga mayowe. Kisha kanali, akiwa kwa mbali ambako bastola ya Eastwood haifiki, anaipiga kofia ya Eastwood juu hewani, na inabaki hukohuko juu, risasi baada ya risasi. Ukumbi ulinyamaza. Tulipotoka mjomba hakumtaja Eastwood kabisa. Alitembea hadi nyumbani amefinya macho.

Sasa chukua daftari urudi nyuma

Daftari la kawaida la mwanafunzi linatosha. Chora safu tatu: jina la picha, anatokea dakika ya ngapi, anakufaje. Usicheke. Njia hii niliibuni mwenyewe na imenifundisha kuliko makala yoyote.

Kabla ya hapo umjue kidogo. Alizaliwa 9 Januari 1925, Somerville, New Jersey, huko Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa baharia kwenye meli ya kutegua mabomu ya majini. Vita vilipokwisha alifanya kazi ya hesabu ofisini, jioni akicheza tamthilia za ridhaa, hadi akaingia kwenye kundi la kuzunguka na tamthilia, na huko ndiko mtayarishaji Stanley Kramer alikomwona.

Kramer alikuwa anatengeneza *High Noon*. Alimtaka kwa nafasi nzuri, ya msaidizi wa sherifu, kwa sharti moja: akafanyiwe upasuaji wa pua. Van Cleef akakataa. Nafasi akapewa Lloyd Bridges, yeye akapewa ujambazi usio na maneno. Mimi kama mtu wa sura namuunga mkono kwa mikono miwili. Pua ile ndiyo inayoshikilia uso mzima. Ukiinyoosha, yale macho yanabaki macho ya mtu anayesinzia.

Basi fungua *High Noon*. Wa kwanza kumwona kwenye picha nzima ni yeye, amekaa peke yake, anavuta sigara, anawangoja wenzake. Baadaye watatu wao wanakaa stesheni kungoja treni ya saa sita mchana, na yeye anapuliza kinanda cha mdomo. Hatamki neno tangu mwanzo hadi Gary Cooper anapomuua bandani mwa farasi. Andika kwenye daftari: dakika ya kwanza, kapigwa risasi.

Kutoka hapo daftari linajaa vifo. *The Big Combo*, 1955: yeye ni Fante, mmoja wa vibaraka wawili wasioachana kama kiatu na soksi. Bosi wao anawaletea sanduku, wanadhani ni fedha, kumbe baruti. *Gunfight at the O.K. Corral*, 1957: anaingia kulipa kisasi kwa Kirk Douglas, chai haijapoa anakula kisu. Kwenye *It Conquered the World* ya 1956, ya Roger Corman, amepandishwa cheo, ni mwanasayansi anayelishawishi dude kutoka sayari ya Zuhura lije duniani. Dude lenyewe ni kama fenesi lenye meno, utacheka hadi uteme chai. Lakini Van Cleef hacheki. Anaongea na lile fenesi kwa dhati kama anaongea na mkwe. Anapogundua kosa lake analifuata pangoni, analichoma jicho kwa moto wa kuchomelea, wanakufa wote wawili. Mwigizaji wa namna hii unamjulia kwenye picha mbovu. Kama picha yote inapwaya na yeye hapwayi, mwekee alama.

Katika hizi za kufa iko moja ambayo hutakiwi kuikosa: *The Bravados* ya 1958. Gregory Peck anawafukuza wahalifu wanne akiamini ndio waliomuua mke wake. Wa kwanza kushikwa ni Van Cleef. Peck anamwonyesha picha ya yule mwanamke. Na hapo sura ile ngumu, uliyoizoea kama jiwe la kunolea, inavunjika. Anaapa hamjui, anaomba, analia. Peck anamuua hata hivyo. Mbele ya safari inajulikana kwamba hakuwa akidanganya. Nimewahi kuwanyoa watu wa sura kama ile, wanaume ambao mtaa mzima unawaogopa, nikaona mmoja akitokwa na machozi kitini kwa sababu ya simu aliyopigiwa. Van Cleef alijua kitu kuhusu watu wa aina hiyo.

Ukimaliza zako nane au kumi, funga daftari ulitazame. Miaka kumi na mitatu mtu huyu kawa adui wa pili, wa tatu, wa nne. Halafu pima na ile uliyoanza nayo ya 1965: kanali hafi. Anamaliza kazi yake, anamwachia Eastwood fedha zote za vichwa, anapanda farasi anakwenda zake. Ukianza mwanzoni hulioni hili vizuri, unakuwa umechoka njiani. Ukianzia katikati, kisha ukarudi ukazihesabu maiti, ukija kumtazama tena kanali akiondoka mzima utasikia kitu kifuani.

Na uelewe alivyofika hapo. Mwaka 1958 alipata ajali mbaya ya gari, goti likaharibika, madaktari wakadhani hatapanda tena farasi. Mtu wa picha za kikauboi asiyepanda farasi ni kinyozi asiye na mikono. Kazi zikapungua, akawa anachora picha za rangi, za bahari na nchi kavu. Leone alipokuja Marekani kutafuta mtu wa kucheza kanali, wa kwanza kwenye fikra zake hakuwa yeye. Alimtaka Lee Marvin, ikashindikana. Ndipo akaikumbuka sura ya yule mtu bubu wa 1952. Van Cleef mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa siku hizo hata bili ya simu ilikuwa imemshinda. Alikuwa na miaka arobaini, nywele zinamtoka, goti bovu. Mwaka uliofuata Ulaya nzima inamjua.

Miaka ya Italia

Hapa kaa sana, usikimbie.

Jambo la kiufundi kwanza. Picha hizi za Waitalia, nyingi zilipigwa Almería, Hispania, na sauti hazikurekodiwa palepale. Kila mwigizaji alisema kwa lugha yake, Mmarekani Kiingereza, Mwitalia Kiitalia, kisha sauti zikapandikizwa studio. Ndiyo maana midomo na maneno wakati mwingine havipatani. Sisi tuliokulia vibanda vya video tukimsikiliza Lufufu akitafsiri juu ya sauti za wenyewe, hilo halitunyimi usingizi. Ila kwa Van Cleef chagua toleo la Kiingereza, utasikia sauti yake halisi, kavu, ya chini. Na uangalie urefu: nyingi zilikatwa zilipopelekwa Marekani. Ukikuta matoleo mawili, beba refu.

Ya kwanza ni *The Good, the Bad and the Ugly*, 1966, ambamo yeye ndiye mbaya. Waitalia wanamwita Sentenza, kwa Kiingereza Angel Eyes. Anavyoingia mara ya kwanza ndivyo ninavyowafundisha watu kumtazama. Mtoto anamwona mpanda farasi kwa mbali. Anakuja taratibu. Anasimama mlangoni, mwembamba, mweusi, fremu ya mlango imemzunguka. Mwenye nyumba yuko mezani. Van Cleef anakaa mbele yake bila kukaribishwa, anavuta bakuli, anajipakulia mchuzi, anakata mkate, anakula. Hakuna anayesema. Mke anamchukua mtoto anaondoka. Anaendelea kula, na kila kijiko kinachoingia mdomoni unajua mwenye nyumba kapungukiwa na dakika moja ya uhai. Sisi watu wa Pwani tunajua mgeni anayeingia akala bila salamu ni mtu wa namna gani, sikuhitaji tafsiri.

Baada ya hapo *The Big Gundown* ya Sergio Sollima. Kwangu hii ndiyo picha yake bora kuliko zote, kanali na makaburi pamoja, na tuko tayari kugombana saluni kwa hilo. Anacheza Corbett, mwinda wahalifu anayejiandaa kuingia kwenye siasa, anatumwa kumkamata mkulima maskini wa Kimeksiko aitwaye Cuchillo, anayesingiziwa kosa baya. Tomas Milian, anayemcheza Cuchillo, haishi kusema, kukimbia, kudanganya, kupiga kelele. Van Cleef ananyamaza na kumfuata. Kinachokuja usoni mwake taratibu, pale anapoanza kushuku kwamba waliomtuma ndio wenye hatia, hakina neno hata moja, na unakisoma chote.

*Death Rides a Horse* na *Day of Anger*, zote za 1967, zitazame siku mbili zinazofuatana. Zote ni za mzee na kijana. Kwenye ya kwanza anamfunza John Phillip Law kwa shingo upande. Kwenye ya pili anamchukua Giuliano Gemma, kijana anayefagia na kuzoa uchafu wa mji mzima, anamfanya mtu wa bunduki, na somo linamgeukia. Nilipomwonyesha kijana wangu hii ya pili alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

*Sabata*, 1969, ni ya kuchangamsha genge: vifaa vya ajabu, bastola ndogo inayotoa risasi mpaka mpinini, sarakasi. Itazame na watu wengi, ukiwa peke yako utaiona ndefu.

Zilizobaki, harakaharaka

Miaka ya sabini alicheza chochote kilichokuja. Iko moja ya 1974, *The Stranger and the Gunfighter*, kaunganishwa na Lo Lieh wa Hong Kong, kauboi na kungfu chungu kimoja. Ramani ya hazina imechorwa kwenye makalio ya wanawake wanne, kila mmoja kipande chake, na kazi ni kuwatafuta wote. Usiiweke mama mkwe akiwepo. Mimi niliiweka bila kuijua, Ijumaa, sheikh wa mtaa akiwa kwenye kiti cha pili. Sitaki kuzungumzia zaidi.

Usimkose kwenye *Escape from New York* ya John Carpenter, 1981. Manhattan imegeuzwa jela, yeye ndiye mkuu wa polisi, kavaa hereni sikioni na upara kauacha wazi. Yeye na Kurt Russell wakiwa ofisini wanatazamana tu, na ni pambano tosha. Mwaka 1984 alicheza mfululizo wa televisheni, *The Master*, akiwa ninja mwenye karibu miaka sitini. Vipindi kumi na vitatu ukaishia hapo. Anayeruka chini ya kile kinyago si yeye, goti lile lingeruka wapi. Mara nyingi ni Sho Kosugi. Tazama kimoja ukitaka kucheka.

Alifariki 16 Desemba 1989, Oxnard, California, kwa moyo. Kaburini kwake wameandika kwamba alikuwa bora katika wabaya.

Kitu cha kutafuta mwisho

Rudi kwenye makaburi, mwisho wa *The Good, the Bad and the Ugly*. Watatu wamesimama kwenye duara la mawe, muziki wa Ennio Morricone unapanda, kamera inakwenda macho, mkono, bastola, macho. Siku moja niliiweka saluni huku namnyoa mzee mmoja mvuvi. Mikono inasogea kwenye bastola, umeme ukakatika. Tivii kimya, mashine yangu kimya. Kichwa cha mzee nusu kimenyolewa, nusu bado. Dakika arobaini tulikaa hivyo, yeye kafungwa kitambaa, nje watu wamekusanyika mlangoni, nami nasimulia kwa mdomo nani atampiga nani. Nikamwomba radhi, nikasema nitammalizia kwa mkasi.

"Acha, fundi," akasema. "Umeme ukirudi anza na picha. Kichwa hakina haraka."

Uliporudi nilirudisha nyuma kidogo, nikasimamisha pale kamera inapoukaribia mkono wa kulia wa Van Cleef. Nikamwambia, mzee wangu, tazama kidole cha kati. Ncha haipo. Aliipoteza akimjengea binti yake kijumba cha kuchezea, na Leone hakuificha, aliijaza kwenye skrini nzima. Mzee akasogeza uso karibu na tivii, akatazama. Kisha akatoa mkono wake chini ya kitambaa, mkono wa miaka mingi ya nyavu na ndoana, akauweka pembeni ya ule wa kwenye kioo.

"Wangu ni cha shahada," akasema. "Haya, endelea, tuone atakavyokufa."